Biti kwanza au mashairi kwanza?

Ukikaa na wanamuziki wa kujitegemea, wale wasio na lebo wala meneja na wanaolipia studio kwa fedha ya mfukoni, kuna swali moja lisilokosa kuwagawa: wimbo wako ulianza na nini? Mmoja atatoa daftari lililochakaa, kurasa zimejaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya. Mwingine atafungua simu akuonyeshe vipande vya sauti visivyohesabika, kila kimoja sekunde chache, yeye mwenyewe akiguna "na-na-na" juu ya biti isiyo na neno hata moja. Wa daftari huwaona wenzao wababaishaji. Wa biti huwaona wa daftari kama watu wanaoimba hotuba.

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi na sijachoka nao, maana ndani yake mna suala kubwa kuliko ladha ya mtu. Mna suala la jinsi Kiswahili kinavyoimbika.

Hoja nzito ya watu wa daftari inatoka pwani. Taarabu ilijengwa juu ya mgawanyo wa kazi: mshairi anatunga, mwingine anatia muziki, mwimbaji anaimba. Vikundi vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vimeishi kwa utaratibu huo. Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir. Zein l'Abdin alichukua tungo za Ahmed Sheikh Nabhany akazitilia muziki wa udi, ile ala ya nyuzi. Shairi lilimfikia mwimbaji likiwa limeiva, vina vimekaa, mizani imetimia, na kazi ya mwenye udi ikawa kutafuta sauti ya kulibeba. Ondoa udi, ondoa fidla, ondoa ngoma, na bado una kitu cha kusoma barazani na watu wakabishana fumbo lake linamlenga nani. Nyimbo ngapi za leo zinaweza kuvuliwa muziki namna hiyo na zikabaki zimesimama?

Lakini mfano huohuo wa Bhalo unawageukia wenye daftari. Sauti nyingi alizoimbia zilitoka kwenye filamu za Kihindi. Maana yake, melodi ilikuwapo kabla, na shairi la Kiswahili ndilo lililoingia ndani ya nguo iliyoshonwa tayari. Hakuna aliyemwita Bhalo mbabaishaji kwa hilo. Alichofanya kijana anayeguna juu ya biti aliyoipata mtandaoni si kigeni sana kwenye muziki wetu kama tunavyopenda kudai.

Jambo lenyewe nililielewa vizuri siku nilipompa rafiki yangu mpiga gitaa mstari niliouandika. Ulikuwa hivi: "Nilingoja kituoni, hadi taa zikazimwa." Mizani kumi na sita, nane kwa nane, kama tulivyofundishwa shuleni. Nilijivunia. Akaupiga kwenye gitaa mara tatu, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole kama nina haraka ya kufika mahali. Sikumwelewa mpaka alipourekodi kwenye simu na kunisikilizisha. Kila silabi ilikuwa na noti yake, hapakuwa na pa kuvuta pumzi, na lile neno "taa", ambalo ndilo jicho la mstari, lilipita mbio kama daladala iliyojaa.

Basi akafanya kinyume. Akaweka biti, akaguna bila maneno hadi akapata melodi tamu ya noti nne, ya mwisho ikipanda juu na kukaza. Tukajaribu kuuingiza mstari wangu humo. Hapo Kiswahili kikagoma. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ki-tu-O-ni, zi-ka-ZI-mwa. Melodi ilitaka mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, tukawa tunaimba "kituo-NI", kama mgeni aliyefika bandarini wiki iliyopita. Wengine watasema hilo ni dogo. Si dogo katika lugha ambamo barabara, ile njia ya magari, na barabara kwa maana ya sawasawa, zinatenganishwa na mkazo tu.

Hapa ndipo ninapowalaumu wenzetu wa biti kwanza, na nawalaumu kwa mapenzi. Mguno usio na maneno haujui Kiswahili. Mdomo unaguna kwa mazoea ya nyimbo ulizozisikia, na nyingi ni za lugha zenye maneno ya silabi moja moja. Kiswahili kina maneno machache mno ya namna hiyo. Kwa hiyo, mwandishi anapofika mwisho wa mstari na kukuta noti moja iliyokazwa inamsubiri, anafanya lililo rahisi: anatia "beibi", anatia "yeah", anatia "ooh". Tunamshutumu kijana kwa kukosa msamiati, ilhali tatizo lake lilianza kabla hajafikia kutafuta neno. Lilianza kwenye melodi aliyoikubali.

Hata hivyo, kuna hoja moja ya upande wa biti ambayo sijaona mwenye daftari akiijibu vizuri. Karatasi yenyewe ni mgeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, tungo zake ziliishi vifuani mwa watu miongo mingi kabla Mwalimu Sikujua hajamsaidia mmisionari William Taylor kuzikusanya na kuziandika. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, hakupata elimu ya shule, lakini mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na nyimbo zake nyingi zilizuka kwenye visa na kesi za mjini Unguja, vikiwa bado vya moto midomoni mwa watu. Kutunga kwa mdomo si uvivu uliozaliwa na simu.

Na ukitaka kuona mdomo ukishinda kalamu waziwazi, nenda kwenye singeli. Studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, ndiyo iliyolifanya jina la muziki huu lisikike nje, hasa baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyo wa kazi zake mwaka 2017. Biti za singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingi huwa zimekatwa kutoka kwenye vipande vya taarabu, vikazungushwa na kuharakishwa. Kwa mwendo huo daftari halina nafasi. MC anarusha maneno, anataja mitaa, anatania, anajibu watu walio mbele yake. Tena, ajabu yake, kile Kiswahili kilichogoma kwenye melodi yetu ya noti nne kinakimbia humo bila kujikwaa. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi haukwami popote. Wanaosema singeli ni kelele hawajasikiliza lugha inavyofanya kazi mle ndani.

Kwa hiyo siwezi kusema biti inaua maneno. Inategemea biti ilizaliwa wapi. Ile ya singeli ilikua pamoja na Kiswahili cha mtaani, vikafundishana. Biti iliyonunuliwa mtandaoni kwa mtu aliyeko Atlanta au Lagos haikumfikiria msemaji wa Kiswahili hata mara moja, na anayeimbia juu yake inambidi afanye kazi ya ziada ambayo hakuna aliyemwambia ipo.

Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, hunijia akilini kila nikifika hapa. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952, akipiga "Masanga". Aliimba Kiswahili cha kwao, na vidole vyake vilikuwa vinasema kabla ya mdomo. Wapiga gitaa duniani kote wamejifunza kuupiga wimbo ule, na wengi wao hawajui neno lake hata moja. Unaweza kulisoma hilo kama ushindi wa muziki uliotangulia. Mimi huwa napata na huzuni kidogo.

Kinachosahaulika katika ubishi huu ni muda, na muda kwa msanii wa kujitegemea ni fedha. Zamani bendi za dansi Tanzania zilipiga wimbo baa usiku baada ya usiku. Chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka kwa kucheza, likikosa nguvu lilibadilishwa, ubeti ukiwachosha watu ulifupishwa. Zilipoingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako karibu bendi zote zilirekodi, wimbo ulikuwa umeshasahihishwa na miguu ya wachezaji. Wakati huo swali la biti au mashairi halikuwa na maana kubwa, kwa sababu vyote vilipikwa kwenye chungu kimoja, kwa miezi.

Msanii wa leo hana baa hiyo. Ana saa chache za studio alizozilipia, prodyuza anaangalia simu yake, na mteja mwingine amekaa kwenye benchi nje. Akiingia bila maneno, atatoka na maneno ya kwanza yaliyokuja. Hayo ya kwanza huwa yaleyale yaliyowajia wengine wote: moyo, roho, nakupenda, usiniache. Wapo wanaotetea shinikizo hilo, na nawaelewa. Wanasema ukimpa mtunzi miaka miwili hatamaliza kamwe, na kwamba kiitikio kizuri huja mtu anapokuwa amebanwa. Kwa kiitikio nakubali kabisa. Kiitikio ni cha mdomo, kinataka kuropokwa. Vesi ndizo zinazoumia, maana vesi inahitaji mtu alale, aamke, aisome asubuhi, na aone aibu kabla hajaiimba mbele ya watu.

Hapa ndipo nadhani wasanii huru wanajinyima haki yao wenyewe. Aliye chini ya lebo ana tarehe ya kutoa wimbo. Wewe huna. Hakuna anayekuamrisha kumaliza Ijumaa. Kitu pekee ulicho nacho kumshinda yule mwenye gari na matangazo ni hizo siku, na bado unakwenda kuandika ndani ya saa unayoilipia.

Kuna na suala la nani mwenye wimbo, ambalo huzungumzwa tu mambo yakishaharibika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatofautisha haki ya mtunzi na haki za mwimbaji na za mtayarishaji wa rekodi. Mwenye mashairi yaliyoandikwa kabla anaingia studio akiwa na mali mkononi. Aliyetunga kwa kuguna, prodyuza akimrekebishia melodi na rafiki akimrushia mistari miwili, anatoka na wimbo wa watu watatu bila hata karatasi ya makubaliano. Sisemi hilo ni kosa, kwani nyimbo nzuri mno zimezaliwa hivyo. Ila wakubaliane siku hiyohiyo, kabla wimbo haujapigwa redioni.

Ule mstari wangu, kwa njia, haukufa. Rafiki yangu alikaa nao karibu mwezi. Siku moja akanitumia sauti aliyojirekodi akiwa ndani ya basi, injini inanguruma nyuma yake. "Kituoni" ameliondoa. Ameimba "nilingoja", akaacha kimya cha mapigo mawili, kisha "hadi taa", noti ndefu ikikaa juu ya ile "ta-" kwa mkazo wake halisi, na "zikazimwa" ikashuka polepole karibu na kunong'ona. Mizani kumi na mbili tu. Mashairi yalikuwa yangu, kimya kilikuwa chake, na hadi leo hatujaamua nani aandikwe mtunzi.