Msimamo nilikuwa nao, damu ndiyo iliyokataa

Kuna mwandishi ameandika kwamba anayerudia nyama baada ya miaka ya kula mboga tu "hakuwa na msimamo". Aje Kisumu tuongee. Mimi nilikaa miaka tisa bila nyama wala samaki, hata matangani, pale unapochukua ugali na sukuma huku mashangazi wakikutazama kama mgonjwa. Kilichonirudisha ni vidole kufa ganzi na uchovu usioisha. Nilipopimwa damu, vitamini B12 ilikuwa chini sana. Hiyo huipati kwenye mboga za kienyeji, hata ule osuga na dek mpaka basi. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na mimi hata chai nilikuwa nakunywa ya rangi. Ndiyo, vidonge vipo, nilivimeza kwanza. Bei yake tuiache.

Siku ya kwanza nilinunua omena, wale dagaa wa ziwani, mkebe mdogo pale soko la Kibuye, nikaiosha kwa maji moto mara tatu, nikaikaanga na kitunguu na nyanya nyingi. Nikala vijiko viwili, nikatoka nje kupunga hewa. Mama akaimalizia sahani bila kuniuliza kitu. Ng'ombe bado sijamgusa.