Nimelala Dubai, nikiwa Lindi

Binti wa shangazi yangu anafuata nguo Istanbul kila baada ya miezi michache. Juzi kanitumia picha amesimama mbele ya hoteli ya Pera Palace: "Kaka, humu ndimo alimokuwa analala Agatha Christie!" Namjua, hajasoma hata ukurasa mmoja wa huyo mama, mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za upelelezi. Lakini chumba namba 411 anakijua.

Hoteli yenyewe ilifunguliwa rasmi 1895, kwa ajili ya abiria wa treni ya Orient Express. Wenyewe wanadai kile kitabu cha mauaji ndani ya treni kiliandikwa mle chumbani. Ushahidi wa maana hakuna. Wanauza hadithi, watu wananunua. Haya, hongera zao, nazitoa shingo upande.

Wiki hiyohiyo nikaenda Lindi kwenye msiba, nikalala gesti moja pale mjini. Milangoni wameandika London, Paris, Dubai. Mimi nikapewa Dubai, feni haizunguki. Nikamuuliza binti wa mapokezi kwa nini hawana chumba cha Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia.

"Huyo alilala hapa lini, baba?"

Nikakosa jibu, maana swali lake ni la haki. Ila usiku kucha, na joto lile, nikawa najibizana naye kichwani: na Paris ililala hapa lini? Jamani, huyu ni mzaliwa wa Lindi, 1943! Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka 1969, nusu ya nchi hii imeisoma darasani, na inahusu vita ya Maji Maji iliyopiganwa na babu zetu hukuhuku kusini. Lindi hiyohiyo ndiyo ya Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeitungia vita ileile utenzi mzima, ukachapishwa 1957. Mji mmoja, vita moja, watunzi wawili wa kiwango hicho, halafu mlangoni tunaandika Dubai. Livingstone alipita tu Mikindani mwaka 1866 na wanyama wake, hadi leo wageni wanaoneshwa nyumba anayosemekana kukaa. Mpita njia tunamtunza, mtoto wa nyumbani hatumjui!

Sisemi tudanganye kwamba Hussein alilala gesti. Rangi kopo moja na brashi vinatosha kubadilisha maandishi ya mlangoni. Chumba cha Kinjeketile, chumba cha Arusi, tamthilia yake nyingine, kwa maharusi, hapo hata biashara ipo. Ile Mashetani yake tuiache, nakubali, hakuna mtu wa pwani atakayelala humo.

Nilikuwa na Kinjeketile yangu kwenye begi, kuukuu, jalada limeshikwa na gundi. Asubuhi nikaiacha makusudi juu ya meza ndogo kando ya kitanda, nikarudisha ufunguo, nikaelekea stendi. Sijafika hata kwenye kona, nasikia kandambili zinakimbia nyuma yangu.

"Baba! Baba! Umesahau kitabu chako!"