Mgeukie jirani yako umwambie

Hivi hawa wahamasishaji wanaoletwa chuoni, nani kawaambia tumelala? Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia, tumbo linanguruma, halafu mtu kavaa suti ya bluu anakulazimisha umgeukie jirani umwambie, "Wewe ni milionea!" Jirani mwenyewe ananidai hela ya chipsi.

Kisha lazima uje mfano wa Bill Gates: aliacha Harvard 1975, akatajirika. Mbona hasemi baba yake Gates alikuwa wakili, na shuleni kwao walianza kutumia kompyuta 1968?

Kuongea lakini jamaa wa suti anajua, tusimnyime haki yake. Anashusha sauti, ananyamaza kidogo, ukumbi mzima kimya. Si angetufundisha hicho? Sisi kwenye prezentesheni tunasoma slaidi huku tumewapa watu mgongo. Wapi! Kamaliza tu, kaanza kuuza kitabu. Elfu kumi na tano, eti bei ya mwanafunzi.