Programu ya DOS kwenye Windows 11: ibaki au izikwe?

Kuna duka la spea za magari Gerezani, Kariakoo, ambalo hadi juzi juzi stoo yake yote iliendeshwa na programu ya FoxPro, ya kutunza kumbukumbu, ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Skrini ya bluu, maandishi meupe, kipanya hakina kazi. Karani anaandika namba ya spea, anabonyeza F5, na kabla hajainua kidole ameshaona bei, idadi na rafu. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo na kuondoka na madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Mwenye duka akanunua kompyuta ya mtumba iliyokwisha pigwa Windows 11, akamkabidhi fundi folda ya programu kwenye flashi. Fundi akabofya. Kompyuta ikajibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi hapa.

"Mzee, hii programu imekufa."

"Imekufa vipi, wakati juzi imeuza?"

Nimesikia ubishi huu kwenye maduka mengi, na kila mara naona wote wawili wana haki kwa kiasi fulani.

Fundi yuko sahihi kuhusu mashine. Programu za DOS ni za biti 16 (biti ni kipimo cha data ambayo kompyuta huimeza kwa mkupuo mmoja), na Windows ya biti 64 haina kabisa kile kipande cha kuziendesha. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 lenye kipande hicho. Windows 11 haina toleo hilo. Kwa hiyo ule uganga wa mafundi wetu, wa kubofya kulia na kuchagua ijifanye Windows XP, hapa haufui dafu. Unasaidia programu za biti 32, hasa zile zinazouliza "hii ni Windows gani?" na kugoma zikisikia jibu geni. Nyingine hugoma kwa sababu zimezoea kuandika data zao ndani ya Program Files, jambo ambalo Windows imelibana tangu Vista. Hizo ukizihamishia folda nyingine, mara nyingi zinatulia. Driva ya biti 32, yaani programu ndogo ya kuendesha kifaa, kwa mfano printa ya zamani, ndiyo usihangaike nayo: Windows ya biti 64 haiipokei.

Fundi ana hoja ya pili, ya usalama. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshaliziba miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka hicho.

Lakini tumsikilize mzee. Programu yake aliilipia mara moja. Mifumo anayoletewa na vijana wa mauzo inalipiwa kila mwezi na inataka intaneti, na intaneti ikikata saa tano asubuhi wateja wamejaa, duka linasimama. Karani wake hajui kitu kingine, na kwa kasi ile sioni kwa nini ajifunze kuperuzi menyu nne ili auze bushi moja.

Ninachoona ni kwamba wanagombana juu ya vitu viwili tofauti. Hatari iko kwenye Windows ya zamani iliyounganishwa na intaneti. Programu ya zamani yenyewe inaweza kuishi ndani ya Windows mpya, kwenye kopo lake. DOSBox-X, ambayo ni ya bure, inaigiza kompyuta ya DOS ndani ya dirisha, na inajua kutuma kazi kwenye printa. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya magemu. Ukiitegemea kwa makeshia wawili wanaofungua faili moja kwa wakati mmoja, unajitafutia hesabu zilizovurugika. Kwa karani mmoja kwenye mashine moja, kopo linatosha.

Ila kuna gharama ambayo mzee haihesabu, nami niliigundua kwa kukaa nyuma ya kaunta yake nusu saa tu. Kila mauzo yanaandikwa mara mbili: kwenye programu, kisha kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kwa sababu programu haijui kuzungumza na kitu chochote kilichokuja baada yake. Jioni karani anakaa kutafuta kwa nini hesabu mbili hazilingani. Aliyeiandika programu hapatikani tena, kwa hiyo haitajifunza. Hili kwangu ndilo lenye uzito kuliko virusi vyote.

Kwa hiyo ningeweka programu kwenye kopo kwa muda, na muda huo huo ningetoa data. FoxPro huhifadhi kumbukumbu kwenye mafaili ya DBF, na LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, inayafungua bila kubembelezwa. Tulifanya hivyo pale pale. Orodha nzima ya spea ikajipanga kwenye jedwali, na vifupisho ambavyo karani pekee ndiye anayevielewa. Mzee aliitazama kimya, kisha akauliza swali moja kuhusu mfumo mpya: una F5?