Kampala inahitaji mahali pa kulala, si lori la kwenda Kampiringisa

Watu wanaolala nje Kampala huondolewa kila mji unapojiandaa kupokea wageni wakubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007 kabla ya mkutano wa Jumuiya ya Madola, na ndivyo ilivyorudiwa mara nyingi tangu hapo. Lori huja usiku, askari hukusanya watoto pamoja na kina mama wenye vichanga mgongoni, na watoto wengi huishia Kampiringisa, wilayani Mpigi. Baada ya muda wanarudi, maana hakuna kilichobadilika walikotoka wala walikolala. Wazee wetu waliokumbwa na panda gari, ile misako ya askari ya miaka ya 1980, wanajua mtu anavyojisikia akipakiwa kwenye gari bila kuambiwa kosa lake.

Kampiringisa ni kituo cha kurekebisha watoto waliotiwa hatiani na mahakama. Mtoto aliyekutwa amelala kwenye baraza ya duka hajatiwa hatiani na yeyote. Kumlaza pamoja na waliohukumiwa, nyuma ya lango lililofungwa, ni kumfunga. Nakataa kuita jambo hilo hifadhi, hata likifanywa kwa nia njema kiasi gani.

Mwaka 2019 baraza la jiji lilipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto. Pamoja na mengine, inakataza kumpa mtoto wa mtaani pesa au chakula. Adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 40,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Naelewa hofu iliyozaa kifungu hicho: wapo watu wazima wanaowaleta watoto kutoka Napak, wilaya ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, wakawaketisha Kampala Road waombe, jioni wakachukua chote kilichopatikana. Hao washitakiwe. Lakini ukimzuia mpita njia asimpe mtoto chapati, basi jiji lenyewe liwe na mahali pa kumlisha na kumlaza mtoto huyo usiku huohuo.

Tena sheria ya nchi yenyewe inageuka. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta baadhi ya vifungu vya uzururaji, vile vilivyomwezesha polisi kumkamata mtu kwa kuonekana tu hana kazi wala makao. Kwa hiyo njia ya kukamatakamata inazidi kuwa finyu, na mamlaka ya jiji, KCCA, italazimika kutafuta nyingine.

Mimi ninayoiona ni nyumba za kulala zilizo wazi kwa yeyote, moja katika kila tarafa: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Zifunguliwe jioni, na anayeingia awe huru kutoka asubuhi. Kina mama na watoto wadogo wawe na upande wao, mbali na wanaume. Pawe na maji, vyoo, uji na muuguzi, kwa sababu watoto wanaovuta mafuta ya ndege kwenye vitambaa hawataacha kwa kufokewa. Pawe na stoo yenye ufunguo pia. Mtu anayeishi kwa kuokota chuma chakavu hataacha gunia lake nje ili akalale ndani; wapangaji wa mipango husahau hilo kila mara. Na polisi wasikae mlangoni. Akae ofisa ustawi wa jamii, yuleyule kila jioni, hadi watu wamzoee na waanze kumwambia wametoka wapi na kama wanataka kurudi.

Wapo watakaosema nyumba kama hizo zitawavuta watu zaidi kutoka Karamoja. Lakini watu wa Karamoja wamekuwa wakija miaka yote hii bila kuahidiwa hata mkeka. Wanafukuzwa na ukame, wizi wa ng'ombe na njaa kama ile ya 2022. Wakifika Kisenyi au Katwe, mitaa ya maskini hapa Kampala, wanalipia kwa usiku vyumba vya kubanana, na asiye na pesa hiyo analala kando ya mtaro, mvua ikinyesha anahama.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Malori, mafuta yake na posho za askari wa operesheni hulipwa kwa pesa ya umma. Naomba madiwani wetu waiulize KCCA, kabla bajeti haijapitishwa, operesheni hizo zinagharimu kiasi gani kwa mwaka, na pesa hiyo ingeweza kuendesha nyumba ya kwanza ya kulala, pale Kisenyi, kwa miezi mingapi.