Zimeni Kinanda Kwanza

"Sasa wapendwa, tunyamaze mbele za Bwana, tumsikilize." Haijapita nusu dakika, mpiga kinanda ameshaanza kupapasa chini chini, na kiongozi wa sifa amerudi kwenye maiki: "Mwambie Bwana... endelea kumwambia..." Mwambie tena? Si tulikuwa tunamsikiliza?

Huo ndio utulivu tulio nao makanisani, na sasa umepata cheo. Siku hizi ratiba za semina za ufuasi zina kipengele kabisa: "Muda wa utulivu, dakika 2." Kimebanwa kati ya matangazo na sadaka ya pili, na matangazo yakirefuka, kipengele cha kwanza kukatwa ni hicho.

Wapiga vinanda siwalaumu. Wamefundishwa kwamba kimya ni hitilafu. Kikitokea, watu wote hugeuka kumtazama fundi mitambo. Lawama yangu ni kwa sisi tunaolea waongofu wapya. Mtu akiokoka leo tunamfundisha kuomba, kushuhudia, kukemea, kuimba, kutoa fungu la kumi. Darasa zima ni la mdomo na mfuko. Kusikiliza tunadhani atajifunza njiani, akichoka kuongea.

Someni tena 1 Samweli 3, ile sura tuliyowaachia watoto wa shule ya Jumapili. Kijana Samweli anaitwa usiku, anakimbia kwa mlezi wake. Mlezi anamwambia sikukuita, kalale. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu ndipo mzee Eli anang'amua. Hebu tazama aliyoyaacha. Hakumwekea mikono. Hakusema, "Ngoja nikuombee, nikuambie Bwana anasema nini." Hakukaa naye kitandani amsaidie kutafsiri. Alimpa sentensi moja, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," akamrudisha akalale peke yake. Huo ni ulezi: maneno machache, kisha mlezi anampisha Mungu. Na Eli huyu ndiye kuhani aliyemwona Hana akiomba moyoni, midomo inacheza na sauti haisikiki, akamdhania amelewa. Kwa hiyo hata yeye somo la kimya lilimwingia ukubwani. Bado tunayo nafasi.

Mwandishi wa sura hiyo anasema neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Kwetu si adimu hata kidogo. Kila mwenye kipaza sauti ana "Bwana ameniambia" yake, na nyingi zinamhusu mtu mwingine.

Najua litakalosemwa: haya mambo ya kukaa kimya ni ya Wazungu, au ni yoga, au ni ya Wakatoliki (kwa baadhi yetu hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote). Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, alikuwa Mwafrika, na alikwenda kukaa kimya jangwani zaidi ya miaka elfu moja kabla mmisionari wa kwanza kutoka Ulaya hajatia mguu kwenye pwani yetu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaanza na neno "Sikiliza", na sura yake ya 42 inawataka watawa wasizungumze baada ya sala ya mwisho ya siku. Wanaoifuata wako kusini mwa Tanzania, Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906, si mbali kihivyo kwa anayetaka kwenda kuona. Walutheri nao wasijifiche: Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, alipokuwa akiwafundisha wachungaji vijana kule Finkenwalde kati ya 1935 na 1937, aliwapa nusu saa ya kimya kila asubuhi, andiko moja lile lile kwa wiki nzima. Walilalamika sana. Wanafunzi ni wale wale popote duniani.

Wala dhehebu halimpi mtu kimya kwa urithi. Marafiki, yaani Waquaker, walianza Uingereza katika karne ya 17 na wakajulikana kwa ibada ya watu walioketi bila kusema neno. Walipofika Kaimosi mwaka 1902 walipanda kanisa, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Nenda Jumapili ukawasikie: kwaya, mahubiri, maombi ya sauti, kama majirani zao.

Haya, tufanyeje? Hapa ndipo mafundisho mengi hukimbilia "kaa miguuni pa Bwana" na kufunga daftari. Miguuni pa Bwana wapi? Saa ngapi? Kwa dakika ngapi?

Chukua andiko moja fupi, uanze na dakika 3. Ndiyo, 3. Viongozi wenye shauku huwaanzishia watu dakika 20, nusu ya darasa ikasinzia, nusu ikapiga hesabu za ada, na wiki inayofuata wote wakaamini hawana karama hiyo. Kaa na dakika 3 kwa mwezi mzima, kila siku, kisha nenda 5, kisha 10. Kundi likifika 10 bila mtu kukohoa kwa makusudi, limekwenda mbali.

Kaa kwenye kiti cha kawaida, mgongo wima, nyayo zote mbili chini, mikono juu ya mapaja. Ukipiga magoti na kulaza kichwa kwenye benchi utalala. Mwili hauna kosa, umeuweka mkao wa kulala. Kitandani usijaribu kabisa. Simu ikae chumba kingine, na kwenye kundi iwekwe kwenye kikapu mlangoni. Kuiondoa sauti na kuiweka mfukoni hakutoshi, maana itatetemeka mara moja tu na utaanza kujiuliza ni nani aliyetuma hela. Saa ashike mtu mmoja, mwenye macho wazi, ili wengine wasichungulie. Wakati mzuri ni kabla ya mchana kukuchafua. Marko 1:35 inamwonyesha Yesu akitoka alfajiri na mapema sana kwenda mahali pasipo na watu. Lakini mama mwenye mtoto mchanga asisumbuliwe na mstari huo. Achukue dakika zake mtoto akilala, saa yoyote.

Mawazo yatakuja. Usipigane nayo, na usiyakemee kwa jina la Yesu kana kwamba kodi ya nyumba ni pepo. Weka karatasi pembeni, andika neno moja, "kodi", kisha rudi kwenye andiko. Ukirudi mara thelathini ndani ya dakika kumi, umefanya zoezi mara thelathini. Wengi hukata tamaa hapa kwa kudhani kurudi ni kushindwa.

Kwa kundi, njia iliyokomaa ni ile ya zamani ya watawa, ambayo Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia mbele za Mungu. Watu wanne hadi wanane, wakizidi, gaweni. Chagueni mistari isiyozidi kumi, na kwa wanaoanza kisa cha Injili ni chepesi kuliko waraka wa Paulo. Mmoja asome kwa sauti. Kimya dakika 1. Mwingine asome tena, polepole zaidi, na sauti ikiwa tofauti, labda ya kike baada ya ya kiume, watu husikia walichokiruka mwanzo. Kimya dakika 3. Kisha kila mmoja ataje neno au kifungu kilichomshika, bila maelezo, na mwingine asijibu. Msome mara ya tatu, kimya dakika 5, swali likiwa moja: hili linanidai nini wiki hii? Mfunge kwa sala ya sentensi moja moja. Kwa watu sita haizidi dakika 40.

Itaharibika, na itaharibikia sehemu zinazojulikana. Ya kwanza ni kiongozi mwenyewe. Mtu akitaja "akamhurumia", kiongozi hawezi kuvumilia; anaeleza muktadha, anataja Kigiriki, dakika kumi na tano zimekwenda na kikao kimekuwa mahubiri. Mpeni kazi ya kushika saa, itamtuliza. Ya pili ni hatari zaidi: "Mimi Bwana amenionyesha kwamba dada Fulani..." Sheria iwe moja, isiyo na msamaha: kila mtu aseme "mimi", hakuna "wewe". Ulichokisikia kuhusu mwenzako, nyamaza nacho. Na ulichokisikia kuhusu wewe mwenyewe kisipewe muhuri siku hiyo hiyo, kwa sababu tamaa zetu nazo hujua kuongea kwa upole. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote. Kipime kwa Maandiko, kipeleke kwa mtu mzima katika imani asiyenufaika nacho, ukiache wiki kadhaa. Kinachodai ujibu leo hii, au utume hela leo hii, kitilie shaka.

Haya yote hayana maana kama hayafiki kwenye masikio tunayowapa watu. Mwanamke aliyepoteza mimba hajamaliza sentensi ya pili, ameshaambiwa Mungu ana makusudi. Kijana anasema imani inamponyoka, anapewa mistari mitatu na tarehe ya mfungo. Tunaita huko kufariji! Mithali 18:13 inasema ajibuye kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno, na hiyo ndiyo kazi bora waliyowahi kuifanya. Walipofungua midomo waliandama kumshtaki mgonjwa, na mwisho Mungu mwenyewe aliwakemea.

Hili nalo hufundishwa. Kaeni watatu watatu. Mmoja aseme kwa dakika 5 jambo la kweli linalomsumbua, ila siku ya kwanza lisiwe lile zito kuliko yote. Wa pili asikilize: hakuna ushauri, hakuna andiko, na hasa hakuna "hata mimi yalinikuta". Akimaliza, kimya nusu dakika. Kisha msikilizaji arudishe alichosikia kwa dakika 2 na kuuliza, "Ndivyo?" Wa tatu ashike saa na ahesabu mara ambazo msikilizaji ameingilia, pamoja na zile "mh, mh, mh" za haraka ambazo kila Mswahili anajua maana yake ni maliza. Mbadilishane. Kwa nusu saa wote watatu wamepita, na yule mshauri maarufu wa kanisa ndiye atakayeongoza kwa kuingilia.

Sawa, kelele ina mahali pake. Zaburi 150 ina matoazi yavumayo sana, na mkesha wa sifa haumdhuru mtu, labda majirani. Na nakubali, shingo upande, kwamba kimya si salama kwa kila mtu. Aliyetoka kwenye msiba mzito au kipigo anaweza kufumba macho akakutana na kile kile anachokikimbia. Huyo afumbue macho, atembee nje, au aache kabisa siku hiyo, asiulizwe mbele za watu. Na mtu akilia wakati wa kimya msimrukie kwa mikono na maombi. Mkaribie baadaye, taratibu.

Ila sidhani tunaogopa kimya kwa ajili ya hao. Turudi kwa Eli. Asubuhi alimtaka Samweli amweleze yote, asimfiche neno. Ujumbe wa kwanza wa mwanafunzi wake ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya mzee mwenyewe na wanawe waliokuwa wakinyang'anya nyama ya sadaka. Eli alisikiliza hadi mwisho, akasema huyo ni Bwana, na afanye aonavyo vema. Hakumwita mtoto mwasi. Kwa hiyo mchungaji anayetaka kuanzisha darasa hili aamue mapema atafanya nini siku kijana wake mtulivu kuliko wote atakapoinuka baada ya dakika 10 na kuuliza kwa adabu kwa nini hesabu za ujenzi hazijasomwa tangu mwaka juzi.