Kabla ya kuuliza dawa, kausha jani

Masika yakianza, wakulima wa nyanya za kilimo hai kuanzia Lushoto hadi Limuru huulizana: nipige dawa gani? Kwa maoni yangu swali hilo huja limechelewa. Bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya nyanya, hustawi kwenye ubaridi na jani lililolowa kwa saa 10 hivi mfululizo. Likikauka mapema, vimelea havipati pa kuingilia.

Kwa hiyo anza na nafasi: sentimita 60 kati ya mche na mche, 90 kati ya mistari. Anayebana hadi 30 ili apate miche mingi anajitengenezea kichaka kisichopitisha upepo. Simika vijiti vya kuegemeza, funga mimea, punguza machipukizi ya kwapani, kisha ondoa majani yote ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Mwagilia shinani, tena asubuhi. Tandaza nyasi kavu ili mvua isirushie majani udongo. Hilo husaidia zaidi dhidi ya bakajani tangulia, lile lenye madoa ya duara ndani ya duara.

Viazi mviringo vilivyojiotea ving'oe bila huruma. Bakajani chelewa hujihifadhi ndani ya kiazi kilicho hai, na hapo ndipo msimu mpya huambukizwa.

Majivu na mwarobaini husifiwa kupita kiasi. Mwarobaini ni mzuri kwa wadudu. Kuutegemea kwa bakajani chelewa ni kupoteza siku ambazo huna.

Mrututu (salfeti ya shaba) unasaidia, lakini ni kinga tu, hauponyi jani lililokwisha kuungua. Kwa lita 10, yeyusha gramu 100 katika lita 5 za maji kwenye ndoo ya plastiki (ya chuma italika). Koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika lita 5 nyingine, kisha mimina mrututu kwenye chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo dawa itaunguza majani. Chuja, itumie siku hiyohiyo, rudia baada ya siku 7 hadi 10. Usizidishe, kwa sababu shaba haiozi, inajilimbikiza udongoni. Umoja wa Ulaya unawawekea wakulima wa kilimo hai kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Kama una cheti cha kilimo hai, muulize kwanza anayekukagua.

Shina likishapata mabaka meusi, ng'oa mmea wote, utie kwenye mfuko palepale na kuufukia mbali na bustani. Usiutupe kwenye mboji.